Kukusanya Mrejesho wa Hadhira katika Mradi wa Wanafunzi wa Kutangaza Filamu ya Kutisha: Ufafanuzi wa Mbinu na Mitego Yake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mrejesho wa hadhira unavyokusanywa katika mradi wa wanafunzi wa kutangaza filamu ya kutisha, na kwa nini sehemu kubwa ya mrejesho huo, kama unavyowasilishwa katika kazi nyingi, haimsaidii mwanafunzi wala mtahini wake. Neno "mrejesho" linatumika hapa kwa maana ya taarifa inayotoka kwa mtazamaji na kumrudia mtengenezaji wakati mtengenezaji angali anaweza kuifanyia kazi. Sehemu hiyo ya mwisho ya fasili ndiyo inayosahaulika zaidi. Taarifa inayofika baada ya kazi kufungwa ni sifa au lawama. Inaweza kufurahisha au kuumiza, lakini haijengi kitu.

Utanzu wa kutisha umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndio utanzu ambao wanafunzi huukimbilia, kwa kuwa hauhitaji waigizaji wenye majina wala mandhari ya gharama, na giza husitiri upungufu wa vifaa. Pili, katika utanzu huu, pengine pamoja na uchekeshaji, mwili wa mtazamaji hujibu kabla ulimi haujajibu. Noël Carroll, katika kitabu chake cha falsafa ya utanzu huu kilichotoka mwaka 1990, aliuliza kwa nini watu watafute kwa hiari yao kitu ambacho kwa kawaida wangekikimbia. Mwanafunzi anayetengeneza tangazo anakutana na swali hilohilo kwa sura ya kibiashara: anapaswa kumwonyesha mtu hofu ya kutosha kumvuta, lakini si ya kutosha kumfukuza. Kujua kama amefaulu hakuwezekani kwa kuuliza "je, umependa?"

2.0 Mradi wenyewe na swali lake

Mfano ulio wazi zaidi wa mradi wa aina hii unatoka Uingereza, na ndiyo sababu ninaanzia huko kabla ya kurudi nyumbani. Katika mtaala wa Taaluma ya Habari wa bodi ya mitihani ya OCR, ulioanza kufundishwa mwaka 2008 na kupisha mitaala mipya iliyoanza mwaka 2017, wanafunzi wa mwaka wa pili wa kiwango cha A, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 17 au 18, waliweza kuchagua kutengeneza kifurushi cha kutangaza filamu mpya. Kazi kuu ilikuwa kionjo cha filamu. Kiliambatana na kazi mbili ndogo kati ya tatu: bango, jalada la jarida la filamu na ukurasa wa mbele wa tovuti ya filamu. Alama zilikuwa 100, na 20 kati ya hizo zilitolewa kwa tathmini ambayo mwanafunzi aliiandaa kwa kujibu maswali manne. Swali la tatu lilimtaka aeleze alichojifunza kutokana na mrejesho wa hadhira yake.

Kitenzi cha swali hilo ni kujifunza. Swali halikumwuliza mwanafunzi watazamaji walisema nini, wala ni wangapi walioridhika. Hata hivyo, namna iliyozoeleka ya kulijibu, huko na kwetu, ni kuchora duara lililogawanywa vipande, kuandika kwamba wengi wa waliohojiwa walisema kionjo kinatisha, na kuhitimisha kwamba kionjo kimefaulu. Hapo hakuna kilichofunzwa. Mtu aliyejifunza huweza kutaja jambo alilolidhania kabla, jambo aliloliona baada, na tofauti iliyotokea katika kazi yake kwa sababu ya pengo lililo kati ya hayo mawili.

Mradi huu una jambo la pekee ambalo watafiti wengi hulipita haraka: filamu inayotangazwa haipo. Wanafunzi hupiga picha za dakika moja au mbili za kionjo, basi. Mtazamaji anapoulizwa kama angependa kuitazama filamu nzima, anaulizwa kuhusu kitu ambacho hatakilipia, hatakisafiria na hatakaa kamwe mbele yake. Jibu la "ndiyo" halimgharimu chochote, na jibu la "hapana" linamgharimu urafiki wa mwanafunzi mwenzake anayemkodolea macho. Kwa hiyo swali la nia ya kutazama, ambalo kwa kampuni ya usambazaji ni swali la fedha, kwa mwanafunzi hugeuka kuwa swali la adabu.

3.0 Kupenda na kuvutwa

Tofauti kati ya kupenda filamu na kuvutwa na tangazo lake inaonekana vizuri katika biashara yenyewe. Nchini Marekani kampuni ya CinemaScore huwagawia watazamaji kadi usiku wa kwanza wa maonyesho, nao huipa filamu daraja, kuanzia A hadi F. Filamu za kutisha kwa kawaida hupata madaraja ya chini kuliko tanzu nyingine. The Devil Inside, iliyotoka Januari 2012, ilipata F, daraja ambalo filamu chache mno zimewahi kulipata. Hata hivyo filamu hiyo, iliyogharimu takribani dola milioni 1 kuitengeneza, iliingiza zaidi ya dola milioni 30 katika wikendi yake ya kwanza. Watazamaji waliochukizwa na filamu ni walewale ambao tangazo lake lilikuwa limewatoa nyumbani. Tangazo lilifanya kazi yake, filamu haikufanya.

Mwaka 2009 kampuni ya Paramount ilipoitangaza Paranormal Activity, kionjo chake kiliwaonyesha watazamaji wenyewe wakiwa katika ukumbi wa giza, wamepigwa picha kwa kamera ya usiku, wakiruka vitini na kufunika nyuso. Mrejesho wa hadhira uligeuzwa kuwa tangazo. Wanafunzi wengi wameiga mbinu hiyo. Ninaitaja kwa sababu kampuni iliyotaka kuthibitisha kwamba filamu inaogofya haikuegemea maneno ya watu waliotoka ukumbini. Ilionyesha miili yao.

4.0 Neno lililoniangusha

Sasa nieleze kosa langu, kwa kuwa ndilo lililozaa makala haya. Katika utafiti wa majaribio wa tasnifu yangu nilifanya kazi na kikundi cha wanafunzi wa stashahada ya utengenezaji wa filamu katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Walikuwa wametengeneza kionjo na bango la filamu ya kutisha kuhusu msichana aliyepanga chumba katika nyumba ya uswahilini. Usiku anasikia sauti ikibisha "hodi" mara tatu. Anapouendea mlango wa chumba cha jirani, unaonekana umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Hodi inatoka ndani.

Niliandaa hojaji kwa kuchukua maswali yaliyozoeleka katika miradi ya Uingereza na kuyaweka katika Kiswahili. Swali la kwanza liliuliza: "Je, kionjo hiki kinatisha?" Majibu yalinifurahisha. Karibu kila karatasi ilisema ndiyo, na nyingine ziliongeza maneno: "kimetisha sana", "jamaa wametisha". Nilikwisha kuanza kuandika sura ya matokeo nilipomsomea majibu hayo msaidizi wangu wa utafiti, kijana wa miaka 22. Alicheka. Aliniuliza kama ninajua kwamba hayo ni pongezi.

Kwa hakika nilijua, kama anavyojua kila mkazi wa mji huu. Katika Kiswahili cha vijana wa Tanzania, mwanamuziki aliyeimba vizuri ametisha, mchezaji aliyefunga bao zuri ametisha, na mpishi wa pilau iliyokolea naye ametisha. Nilijua mtaani, nikasahau mezani. Sehemu kubwa ya karatasi zangu hazikusema lolote kuhusu hofu, zilisema "hongereni". Na hapakuwa na njia ya kutenganisha hizo mbili baada ya tukio, maana neno lilikuwa moja. Nililazimika kuyaweka kando majibu yote ya swali hilo.

Hasara hiyo ilinilazimisha kufanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo, yaani kuuliza Kiswahili chenyewe kinaigawa vipi hali ya hofu. Kushtuka ni kwa mara moja, na mtu hushtuka hata kwa mlango uliobamizwa na upepo. Kuogopa kuna kitu kinachoogopwa. Kuhofu huelekea mbele, kwenye jambo ambalo halijatokea. Kutishika kunadai mtu au kitu kilichokusudia kutisha. Kusisimka ni kwa ngozi na nywele, na huweza kuwa raha. Kuchukizwa ni jambo jingine kabisa, ingawa damu nyingi katika kionjo huleta hilo kwa jina la hofu. Kwa mtangazaji wa filamu tofauti hizi zina thamani kubwa: kionjo kinachoshtua tu humaliza mtaji wake chumbani mle mle, ilhali kinachomwacha mtazamaji akihofu ndicho kinachomrudisha kununua tiketi. Hojaji ya pili haikuwa na neno "kutisha" hata mara moja. Iliuliza ni wapi ulishtuka, ulipotoka ulikuwa na wasiwasi kuhusu nini, na ni kipande kipi ulikigeuzia uso.

5.0 Mwili, karatasi na jirani

Katika onyesho lile la kwanza nilikuwa pia nimerekodi hadhira, kwa ridhaa yao. Picha zilipingana na karatasi kwa namna ambayo sikuitarajia. Kikundi cha vijana wa kiume walioketi nyuma waliandika kwamba hawakusikia chochote, "kawaida tu". Katika picha, hodi ya tatu iliposikika, wawili walirudi nyuma na mmoja akamshika mwenzake bega, kisha wote wakacheka kwa sauti kubwa. Cheko hilo lingeandikwa na mtafiti mwenye haraka kuwa ishara kwamba kionjo kimeshindwa. Lakini kuna kucheka kwa dharau, kunakoanza kabla ya tukio au katikati yake, na kuna kucheka kwa mtu aliyeponea chupuchupu, kunakofuata mshtuko papo hapo. Cha kwanza ni hukumu. Cha pili ni nafuu. Bila kujua sekunde ambayo cheko lilianza, huwezi kuvitofautisha, na hojaji haina sekunde.

Kwamba jirani huathiri jibu si dhana yangu tu. Dolf Zillmann na wenzake walichapisha mwaka 1986 jaribio ambamo mtazamaji aliketishwa na mwenza wa jinsia nyingine aliyeandaliwa kuonyesha ama ujasiri, ama kutojali, ama fadhaa. Wanaume waliifurahia zaidi filamu ya kutisha walipokuwa na mwanamke aliyefadhaika. Wanawake waliifurahia kidogo zaidi walipokuwa na mwanamume aliyefadhaika. Filamu ilikuwa ileile. Kwa mwanafunzi anayekusanya mrejesho, maana yake ni kwamba ramani ya viti ni sehemu ya data. Nani aliketi na nani, taa zilikuwa zimezimwa au la, watengenezaji walikuwamo ukumbini au la, ni mambo ya kuandikwa kabla ya jibu lolote kuandikwa.

Aidha, hadhira yetu haikulelewa kutazama kimya. Watu waliozoea vibanda vya video, ambako wafasiri kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya waliwasimulia filamu za kigeni kwa sauti juu ya picha, wanajua kwamba filamu hujibiwa papo hapo. Mtazamaji anayemwambia mhusika "usifungue huo mlango!" ametoa mrejesho ulio bora kuliko alama nne kati ya tano. Ametamka kwamba ameelewa hatari iko wapi, kwamba anamjali mhusika na kwamba anatarajia jambo. Mtafiti anayewaomba watu kama hao wanyamaze ili "data isiharibike" anaitupa data yenyewe.

6.0 Kusimulia upya

Mbinu iliyotoa faida kubwa kuliko zote katika mzunguko wa pili ilikuwa rahisi mno. Mtazamaji alionyeshwa kionjo mara moja, kisha akaombwa amsimulie mtu ambaye hakukiona filamu hiyo itahusu nini. Sikumwuliza maoni. Nilirekodi masimulizi.

Baadhi walisimulia habari za jini. Wengine walisema msichana amerogwa na wapangaji wenzake. Na idadi isiyopuuzika walisema, wakiwa makini kabisa, kwamba ni filamu kuhusu mwenye nyumba anayedai kodi. Ukiifikiria, hawakukosea: katika nyumba ya kupanga, anayebisha hodi usiku bila kujitaja jina, na akarudia mara tatu, ni nani mwingine? Watengenezaji walikasirika kidogo, kisha wakarudi kwenye meza ya uhariri na kugundua kwamba karibu hakuna msimulizi aliyetaja kufuli. Picha ya kufuli, ambayo ndiyo iliyobeba fumbo lote la filamu, ilikaa kwenye skrini kwa muda mfupi mno, na muziki ulipanda wakati huohuo ukavuta macho kwenye uso wa msichana. Walirefusha picha hiyo, wakaondoa muziki chini yake, wakaihamishia hodi ya tatu juu ya kufuli lenyewe. Kwenye bango waliondoa uso wa msichana uliokuwa umelowa damu na kuweka mlango na kufuli peke yake.

Katika hojaji ya kwanza watazamaji walewale waliokuwa wameliona kufuli bila kulitambua walikuwa wamejaza kwamba hadithi "inaeleweka vizuri". Hawakudanganya. Waliielewa vizuri, ila haikuwa hadithi iliyokusudiwa.

Hapa ndipo nadharia ya Stuart Hall ya mwaka 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji, ambayo hutajwa katika karibu kila tathmini ya mwanafunzi, huwa na kazi ya kweli. Kwa kawaida hutumiwa vibaya: aliyependa kionjo anaitwa msomaji aliyekubali, asiyekipenda anaitwa msomaji mpinzani. Hall hakuzungumzia kupenda. Alizungumzia nafasi ya kijamii ambayo mtu anasimama anapoipa ishara maana. Mpangaji anayesikia "hodi" na kuwaza kodi anasoma kutoka katika maisha yake, na usomaji huo ni taarifa kuhusu soko ambalo filamu inataka kuuzwa.

7.0 Umri, ridhaa na karatasi tupu

Mrejesho wa filamu ya kutisha una suala la kimaadili ambalo mradi wa kutangaza sabuni hauna. Nchini Uingereza bodi ya BBFC huainisha filamu kwa umri, na filamu nyingi za utanzu huu hupewa 15 au 18. Vionjo vya sinema huainishwa peke yake, mbali na filamu. Mwanafunzi wa miaka 17 anayetangaza filamu anayoidai kuwa ya daraja la 18 hana haki, yeye wala wanadarasa wenzake, ya kuwa miongoni mwa watazamaji wake. Akikusanya mrejesho darasani, anakusanya kwa watu wasio hadhira aliyoitaja. Watahini hukutana na mkanganyiko huu mara kwa mara na mara chache huuliza. Kwetu tatizo hujitokeza kwa njia nyingine: wadogo zake mtengenezaji wamo sebuleni anapoonyesha rasimu, na hakuna aliyeomba ruhusa ya mzazi kwa sababu mzazi mwenyewe amekaa pale pale.

Ridhaa nayo isiishie kwenye sahihi. Katika onyesho la kwanza msichana mmoja aliinuka kabla ya kionjo kwisha, akatoka, akarudi taa zilipowashwa. Karatasi yake ilikuwa tupu, nami niliihesabu kuwa "haikujazwa" na kuiondoa. Nilipoitazama picha baadaye niliona kwamba alitoka kwenye hodi ya pili. Katika ukumbi ule hapakuwa na jibu lililo wazi kuliko hilo, na utaratibu wangu ulilifuta. Mzunguko wa pili uliwapa watazamaji haki ya kutoka bila maelezo, ukaandika sekunde ya kila aliyetoka, na hakuna aliyefuatwa kuulizwa sababu.

8.0 Wakati wa kukusanya na daftari la mabadiliko

Biashara ya filamu hukusanya mrejesho wakati mkasi ungali mkononi. Mfano unaojulikana sana ni Fatal Attraction ya mwaka 1987, ambayo mwisho wake ulipigwa upya baada ya hadhira za majaribio kuukataa ule wa kwanza. Kama uamuzi ule ulikuwa mzuri kisanaa ni mjadala mwingine, na binafsi ninaona filamu ilipoteza kitu. Lakini mfuatano wa hatua ni sahihi. Miradi mingi ya wanafunzi huupindua: kionjo kinakamilika, bango linachapwa, kisha hojaji inagawiwa ili sura ya tathmini ipate cha kuandika.

Wanafunzi niliofanya nao kazi waliweka daftari lenye safu tatu: kilichosemwa au kuonekana, tulichobadilisha, na tulichokataa kubadilisha pamoja na sababu. Safu ya tatu ndiyo ningependa mtahini aisome kwanza. Watazamaji kadhaa walitaka sura ya anayebisha ionekane. Kikundi kilikataa, kikaandika kwamba kionjo kinachojibu swali lake chenyewe hakimwachi mtu na sababu ya kuja. Walitumia nusu ukurasa kulitetea hilo, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti.

Suala moja limebaki mikononi mwangu. Baada ya picha ya kufuli kurefushwa, karibu wasimulizi wote walilitaja, na mwenye nyumba akatoweka katika masimulizi. Lakini pamoja naye ilitoweka ile minong'ono ya watu waliokuwa wakibishana, wakitoka ukumbini, kama filamu ni ya jini au ya kodi. Mmoja wa wanafunzi aliniuliza kama mabishano yale hayakuwa ndiyo tangazo bora walilowahi kuwa nalo. Sikuwa na data ya kumjibu, kwa sababu katika onyesho la kwanza nilizima kinasa sauti taa zilipowashwa.